Arobaini Chini ya Mabati

Wako watu hapa mtaani kwetu Dunda wanaoniita mwanamke asiye na haya. Hawanisemi kwa siri. Wananisema nasikia, nikipita na kapu langu kwenda sokoni, na mimi huwaitikia "hamjambo" kwa sauti kubwa ili wajue kwamba nimesikia. Kosa langu ni moja. Nilitoka nje na kichanga changu kabla ya arobaini, jua la mchana likiwaka, bila ruhusa ya mtu, tena nilimpita mavyaa wangu mlangoni kama mtu anayepita nguzo. Yote ni kweli. Nikiambiwa nirudie leo, nitatoka asubuhi, sitangoja mchana.

Mavyaa ni mama wa mume, kwa asiyejua. Naanza na yeye kwa sababu sitaki mtu adhani alikuwa mbaya. Mama yangu mzazi alifariki kule kwetu Mlingotini kabla sijaolewa, kwa hiyo nilipojifungua mwanangu wa kwanza sikuwa na nyumba ya mama ya kurudi. Mavyaa akaniambia, "Mama yako ni mimi," na hakusema kwa mdomo mtupu. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka nikahisi viungo vinarudi mahali pake. Alinipikia uji wa pilipili manga, akanichinjia kuku wake mwenyewe, wale wa mayai ambao hata mwanawe alikuwa hathubutu kuwagusa, akafua nepi na huku vidole vyake vinamuuma. Angeniomba figo ningempa. Mtoto ni habari nyingine.

Kwetu pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini na kichanga chake. Chumba hufungwa, ubani hufukizwa, mtoto huvishwa kofia na soksi na kuzungushiwa kanga juu ya shali. Anayefungiwa nje ni upepo. Sisi tukisema upepo tunasema vitu viwili kwa neno moja: upepo huu unaopeperusha nguo kambani, na ule mwingine usioonekana, unaompitia mtu mzima akapinda mdomo, au ukampitia mtoto akashinda analia bila sababu. Kwa mavyaa hao hawakuwa wawili. Mmoja humbeba mwenziwe mgongoni, ndivyo alivyonieleza, kwa hiyo ukimfungulia dirisha huyu umemkaribisha na yule.

Sikuwa na ugomvi na mila hiyo. Na mimi nililelewa hivyo hivyo, na nipo. Lakini sikilizeni habari ya paa.

Mila ile mavyaa aliifanya kwa watoto wake wote katika nyumba hii hii, wakati ina paa la makuti. Makuti yanapumua. Funga dirisha, funga mlango, jifunike utakavyo, hewa itapenya juu kwenye makuti na joto litatoka humo humo. Halafu mume wangu akapata kazi Lugoba kwenye kokoto, akaona aibu mama yake kulala chini ya makuti wakati majirani wote wameezeka bati. Akaezua, akapiga mabati mekundu. Mavyaa alikuwa akitoka nje kuyatazama, na akiwa na wageni huwazungusha hadi nyuma ya nyumba wayaone na huko. Dari haikuwekwa. "Dari tutaweka baadaye," mume wangu alisema, na baadaye yenyewe bado iko njiani inakuja.

Mwanangu, wa kike, alizaliwa Januari, kaskazi, msimu wetu wa joto kali, imeshika barabara. Ikifika saa nne asubuhi mabati yanaanza kulia, ta, ta, ta, yakitanuka kwa jua. Ikifika saa saba ukuta unauhisi wa moto mkononi. Ndani ya chumba kile kulikuwa na mimi, mtoto, kitanda, madirisha mawili yaliyofungwa na kuzibwa nyufa kwa matambara, na chetezo cha ubani. Feni ya mezani ilikuwapo. Mavyaa aliichomoa siku niliyorudi na mtoto, akaizungushia kitambaa. Kwake feni ilikuwa upepo wa umeme, na huo ndio mbaya kupita wote kwa sababu hauchoki.

Kwanza ikaja harara. Shingo ya mtoto, makwapa, mgongo mzima, vipele vyekundu vidogo vidogo vilivyosongamana. Nikamwonyesha.

"Mama, hii ni harara. Mtoto anaungua."

"Hiyo ni taka ya tumboni inatoka. Wote hutoka hivyo."

"Inatoka kila mahali nguo ilipobana?"

Akanitazama, kisha akacheka. "Mwanangu, wewe umezaa juzi. Mimi nimezaa mpaka nikachoka."

Siku hizo bado nilikuwa na adabu ile wanayoitaka. Nilingoja aingie kusali, na yeye sala yake ni ndefu, anawaombea walio hai na waliokufa. Akishatoa takbira tu, mimi nafungua dirisha kiasi cha viganja viwili, namvua mtoto kofia na soksi, namlaza kifua wazi, nampangusa shingo kwa kitambaa chenye maji. Ungemwona anavyotulia. Analegeza vidole, anashusha pumzi. Nikisikia mavyaa anaanza dua ya mwisho, namvika tena haraka haraka kama mwizi anayerudisha kuku. Kilichonisaliti ni ubani. Aliingia siku moja, akanusa, akauliza, "Moshi umekwenda wapi?" Tangu siku hiyo alihamisha mswala wake, akawa anasali mlangoni pa chumba changu.

Kitu kimoja niwe mkweli: mvuje niliuacha. Alimfunga mtoto kipande cha mvuje mkononi kwa uzi mweusi, cha kufukuza vijicho, kinanuka hicho, acha tu. Jirani mmoja aliyesoma akaniambia nikate nitupe. Nikamwambia mvuje haumzuii mtoto kupumua. Mimi sikuwa nagombana na wakubwa kwa sababu ya ukubwa wao. Nilikuwa nagombana na joto.

Ikafika siku yenyewe. Mwanangu hata mwezi hajatimiza. Aliamka wa moto. Nilimpa ziwa, akalishika, akavuta mara chache, akaliacha. Nikampa tena, akageuza uso. Kulia kwenyewe hakulii. Anaguna, kama mtu mzima aliyechoka na maneno. Nikafungua nepi niliyomfunga alfajiri, kavu. Nikamfunga nyingine, nikangoja mpaka mabati yakaanza kulia, nikafungua, kavu. Nikampapasa kichwa chini ya kofia, na pale utosini, palipo laini panapodunda, pamebonyea. Kidole changu kiliingia kama kwenye kisahani.

Nikamwita mavyaa. Naye akapapasa, na nikaona uso wake umebadilika. Alimpenda mjukuu wake, hilo sitamnyima. Alikuwa na hofu kama yangu, ila yake ilielekea upande mwingine.

"Utosi umeshuka," akasema. "Upepo umempitia. Si nilikwambia habari ya dirisha?"

"Mama, ni joto. Maji yamemwisha mwilini."

"Basi apewe maji ya sukari kijikoni, afunikwe atoke jasho. Jasho likitoka na upepo hutoka."

"Jasho lipi tena, mama? Halina mahali pa kutoka."

Hakunisikiliza. Alileta blanketi. Blanketi, Januari, chini ya bati. Kisha akatoka, na aliporudi alikuwa amebeba jiko la mkaa, makaa mekundu, ili ubani upate moto wa kutosha. Akaliweka chini katikati ya chumba kile kilichofungwa, akafunga mlango nyuma yake.

Nikampigia simu mume wangu Lugoba. Nyuma yake nasikia mashine zinasaga mawe, inabidi apige kelele.

"Mtoto hanyonyi," nikamwambia. "Nampeleka hospitali sasa hivi."

"Mama anasemaje?"

"Anasema nimfunike."

"Msikilize mama. Yeye ndiye aliyetulea sisi sote, na wote tupo."

"Aliwalea chini ya makuti," nikamwambia, nikakata simu. Alipiga tena, sikupokea. Nampenda mume wangu, lakini mtu aliye Lugoba hawezi kupima joto la chumba kilicho Dunda kwa sikio.

Nikamvua mtoto. Blanketi, shali, kanga, kofia, soksi, fulana, vyote nikavitupa kitandani, akabaki na nepi na mvuje wake. Nikachukua kanga moja nyepesi ya kumkinga jua, nikajitupia mtandio, nikamweka kifuani. Mavyaa alikuwa ameshasimama mlangoni, mkono mmoja mwimo huu, mkono mmoja mwimo ule.

"Unakwenda wapi na arobaini haijatimia?"

"Hospitali, mama."

"Na jua hili? Uchi hivyo? Unataka kumuua?"

Neno hilo lilinichoma, na sikukubali lipite. "Kama kuna mtu anakufa hapa," nikamwambia, "anafia humu ndani, mbele ya jiko lako."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu, mama. Si la mtoto."

Nadhani katika maisha yake hakuna mke wa mwana aliyewahi kummalizia methali namna ile. Akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Ukivuka hapa, likitokea la kutokea usiniite. Na ukirudi, usitarajie karibu yangu."

Nikainama, nikapita chini ya mkono wake. Alikuwa mwanamke mrefu, na mimi sikujaliwa urefu, nikamshukuru Mungu kwa alivyoniumba.

Nje pale gengeni wanawake walikuwa wakichambua mchicha, na mchicha ulisimama mikononi. Mzazi wa juzi, kichwa juu juani, mtoto kifua wazi. Nikawasalimu. Kuna aliyeitikia, kuna aliyeshika kidevu. Nikasimamisha bajaji. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, aliponiona na kichanga akashuka kwa heshima zote, akaanza kuteremsha mapazia ya plastiki pande zote mbili ili upepo usituguse.

"Pandisha, kaka," nikamwambia.

"Dada, huyu ni mchanga kabisa."

"Ndiyo maana nasema pandisha."

Akapandisha, lakini alikuwa akinitazama kwenye kioo njia nzima, kama anayetaka kuikumbuka sura yangu aje kuieleza. Tulipoanza kwenda hewa ikaingia, ya joto, lakini hewa. Nikaishika ile kanga juu ya mtoto kwa mbali, kama kibanda, nikamwekea ziwa mdomoni, nikamwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Niliogopa. Watu wakinisikia navyoongea hudhani siogopi. Niliogopa mpaka meno yakawa yanagongana, na lile neno "unataka kumuua" likawa linazunguka kichwani, kwa sababu je, kama mavyaa ndiye mwenye haki? Kama ni baridi iliyompata kwenye lile dirisha langu la kuiba? Sikuwa na hakika. Nilikuwa na utosi uliobonyea na nepi kavu, basi.

Hospitali nesi hakuniambia nipange foleni. Kichanga wa umri ule akiwa na moto mwilini hasubirishwi, alisema, akatuingiza moja kwa moja. Wakampima joto, wakamtoboa kisigino wakachukua damu, wakasikiliza kifua. Nesi akaniuliza alikuwa amelala wapi na amevaa nini. Nikamweleza kila kitu: bati, madirisha, blanketi, jiko.

"Jiko la mkaa chumbani?"

"Ndiyo."

Alifumba macho kidogo. Kisha akanionyesha la kufanya, na wala hakikuwa kitu cha ajabu. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida, si ya barafu, kumpangusa shingo na makwapa na mapaja. Ziwa kidogo kidogo, kila mara, na akikataa nikamue nimnyweshe kwa kijiko. Maji asipewe, wala ya sukari. Maji yake yamo kwenye maziwa. Nikakaa kwenye benchi chini ya pangaboi linalozunguka darini, nakamua, nanywesha, tone moja, matone mawili, nusu inamwagika kidevuni. Daktari akaja na majibu: malaria hakuna, kifua ni safi, lakini tusubiri tumwone anavyokwenda. Nikasubiri. Sijawahi kusubiri kitu maishani kama nilivyosubiri mkojo ule.

Adhuhuri ilikwisha kupita mtoto alipolishika ziwa akavuta kweli, kile kivuto kinachouma. Baada ya hapo, nikiwa nimemshika, nepi imelegea, nikasikia kitu cha moto kinanichuruzikia mapajani. Kilipenya kwenye kanga, kikapenya kwenye gauni, kikadondoka sakafuni. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye benchi, mkojo unanitiririka, na sikuona haya hata chembe. Mmoja akaniuliza nimefiwa na nani.

Tulikaa mpaka jua likaanza kupungua, wakampima tena, wakaturuhusu na onyo: chumba kiwe wazi, nguo moja nyepesi, na akirudia kugoma kunyonya nisimwombe mtu ruhusa.

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikapiga hodi. Kimya, na nasikia tasbihi inagonga ndani, punje kwa punje. Nikapiga ya pili. Kimya. Sisi watu wa huku tumefundishwa tangu utotoni kwamba hodi ni tatu, na isipoitikiwa ya tatu unageuka unakwenda zako, hata kama unamwona mwenyeji kwa macho. Nikapiga ya tatu. Tasbihi ikaendelea. Nikasukuma mlango nikaingia bila karibu. Nimeolewa katika nyumba ile, sikuokotwa.

Mavyaa alikuwa amekaa kwenye kigoda ukumbini, macho yamemvimba. Hakunitazama mimi, alimtazama mtoto. Nikatandika mkeka ukumbini penye njia ya hewa, nikamlaza mwanangu na nepi yake tu. Nikafungua mlango wa uani. Nikaingia chumbani, nikang'oa matambara kwenye nyufa, nikafungua madirisha yote mawili mpaka mwisho, nikatoa lile jiko, nikalimwaga majivu nje. Feni nilipoivua kitambaa na kuichomeka haikuzunguka, umeme ulikuwa umekatika. Nikarudi, nikasimama kati ya mkeka na kigoda.

"Mama," nikamwambia, "shikamoo."

Kimya.

"Nakuheshimu. Nitakupikia, nitakufulia, siku ukiugua nitakugeuza kitandani kama ulivyonigeuza mimi. Lakini huyu ukitaka kumfunika tena, unifunike mimi kwanza."

Yeye akainuka, akanipita, akaenda jikoni. Nikasikia anapekua vyombo. Nikajua anatafuta mkaa. Nikakaza kanga kiunoni, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba jiko halitapita.

Alirudi ameshika kipepeo cha ukindu, kile cha kuwashia moto, kimeungua ukingo mmoja. Akakaa chini kwenye mkeka, kwa shida, magoti yakilia, akanyoosha miguu kando ya mjukuu wake. Akaanza kumpepea, polepole. Vinywele vya mtoto vikawa vinanyanyuka na kulala. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kutulia, nikamuuliza, "Mama, si ulisema upepo ni mbaya?"

"Huu ni upepo wangu," akanijibu, hakuinua kichwa. "Huu naujua ulikotoka."

"Na wa dirishani?"

"Huo kaufunge."

Nikakaa upande wa pili wa mkeka. Alipepea mpaka mkono ukamchoka, akahamishia mwingine, na mtoto akalala. Dirisha sikulifunga.